Majina ya wakulima yasafishwe kabla ya kupakiwa

MSIMU wa korosho Nachingwea na Ruangwa hauishi mnadani. Huisha siku mkulima anapokuta fedha zake benki, na siku hizi safari hiyo hupitia kwenye kompyuta.

Wakulima wa wilaya hizo na wenzao wa Liwale huuza kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007. Karani hupima na kuandika jina na kilo, kisha orodha huingizwa kwenye kanzidata ili malipo yafanyike.

Kazi hiyo ina hatua tatu: kukusanya taarifa, kuzisafisha na kuzipakia zote kwa mkupuo. Kwa maoni yetu, hatua ya pili ndiyo yenye hatari, kwani ndiyo rahisi kurukwa. Kompyuta haitambui kuwa majina mawili yanayofanana ni ya watu wawili, au kuwa tarakimu moja ya akaunti imekosewa. Hupakia kosa kwa kasi ile ile inayopakia ukweli, na anayeumia ni mkulima pamoja na mwenye duka aliyemkopesha.

Gharama ya kuhakiki baadaye tunaijua. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa kabla ya kulipwa ili kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba. Wapo wakulima halali waliosubiri fedha zao hadi mwaka 2019.

Tunashauri mambo manne. Kila mkulima atambuliwe kwa namba yake, si kwa jina pekee. Orodha ibandikwe kwenye ofisi ya chama kabla ya kupakiwa. Taarifa ziingizwe kwanza kwenye jedwali la muda, jumla ya kilo ilinganishwe na ya ghala, ndipo zihamishiwe kwenye jedwali la malipo. Na majina yaliyokataliwa na mfumo yarudishwe kwa chama yakiwa na sababu, yasiachwe kimya kimya.

Hayo hayahitaji mashine mpya, bali siku chache za umakini. Mkulima naye atunze karatasi yake ya mzani na aende kusoma jina lake orodha ikibandikwa. Kosa likionekana hapo husahihishwa kwa kalamu. Likishapakiwa, humgharimu nauli na majuma ya kufuatilia.