Sindo ianze na majina
Wanaosema Mluo huzikwa bomani kwake, hivyo Sindo, mji wa Kaunti ya Homa Bay, haihitaji makaburi ya askari wastaafu, wana hoja; sidhani familia nyingi zingekubali mzee wao alale kwingine. Ila hoja hiyo haiwagusi wapagazi wa Kariakor (Carrier Corps), kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza, waliofia Tanganyika kwa maradhi na njaa kwenye vita vya 1914–1918, wasirudishwe kwao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa marehemu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. (Sanamu za kumbukumbu ya vita hivyo jijini Nairobi nazo hazitaji jina hata moja.) Ardhi ni ghali? Ukuta wa majina hauhitaji ekari. Kaunti ya Homa Bay ianzie hapo.