Ziwa Natron na hesabu ya maji: tathmini ya mazingira humlinda nani?

Siku hizi karibu kila mradi mkubwa wa uchimbaji katika Afrika Mashariki hutanguliwa na kitabu kinene kiitwacho tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria inakidai, na mabenki nayo hukidai. Swali ambalo wasikilizaji wetu wa Nyamityobora na Nakivale wana haki ya kuliuliza ni iwapo kitabu hicho kimewahi kumzuia mwenye mtaji kufanya alichokwisha kuamua. Jibu ni kwamba kimewahi, na kisa chake kinafaa kusimuliwa upya, kwa kuwa mambo yaliyokiamua yanatuhusu hata sisi tulio mbali nacho.

Kisa chenyewe kilitokea Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, mpakani na Kenya. Ni nchi kame, iliyo karibu kuwa jangwa, chini ya mlima wa volkano uitwao Ol Doinyo Lengai. Joto la mchana hupita nyuzi 40, na ziwa lenyewe halina kina: hata mita tatu haifiki mahali pengi. Maji yake ni ya magadi makali yanayounguza ngozi. Ng'ambo ya mpaka, huko Magadi nchini Kenya, magadi soda yamechimbwa na kusafishwa kiwandani tangu kampuni ya Magadi Soda ilipoanzishwa mwaka 1911. Bidhaa hiyo hutumika katika kutengeneza vioo na sabuni za unga, na soko lake ni la dunia nzima.

Mwishoni mwa mwaka 2005 kampuni ya Tata Chemicals ya India ilifikia makubaliano ya kuinunua Brunner Mond, na pamoja nayo ikaipata Magadi. Haikukaa muda mrefu kabla ya kutazama kusini. Kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Taifa la Tanzania, NDC, ulitolewa mpango wa kujenga kiwanda kando ya Natron chenye uwezo wa kuzalisha tani 500,000 za magadi soda kwa mwaka. Mpango huo ulikuwa na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, mabomba ya kuvuta maji ya ziwa, na makazi ya wafanyakazi zaidi ya 1,000. Serikali iliona ajira, barabara na fedha za kigeni, na si haki kuyabeza mambo hayo. Wilaya zile ni maskini, na mfugaji wa Kimaasai anayetembea nusu siku kutafuta zahanati hawezi kulaumiwa akishangilia habari za barabara.

Natron, hata hivyo, ni mahali wanapozaliwa heroe wadogo, ndege ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa hapo. Hula mwani katika maziwa ya Kenya kama Bogoria na Nakuru, na hapa Uganda huonekana kwa msimu katika ziwa dogo la Munyanyange, karibu na Katwe. Lakini hutaga Natron, juu ya vichuguu vya tope katikati ya magadi, kwa sababu ukali wa maji humzuia fisi na mbweha asiwafikie. Yaani maji yale yasiyonyweka ndiyo ukuta wao. Kina kikipungua kidogo, ukuta una mlango. Kikipanda kidogo, mayai yanazama.

Tathmini ilifanywa na kampuni ya ushauri ya Norway, Norconsult, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004. Rasimu ilipofikishwa mbele ya wadau huko Dar es Salaam, Novemba 2007, ilipata upinzani mkali. Wanasheria wa mazingira, wataalamu wa ndege na asasi za Kenya na Tanzania waliuliza maswali ambayo, kwa maoni ya mwandishi huyu, hayakuwa na utaalamu wa ajabu. Kiwanda kitavuta maji kiasi gani, na ziwa litashuka kwa kiasi gani mwaka wa ukame? Maji baridi ya kuoshea mitambo yatatoka wapi, katika nchi ambayo ng'ombe na watoto hunywa kwenye vijito vilevile vichache? Na kwa nini Kenya haikushirikishwa ipasavyo, ilhali mto mkubwa unaolilisha ziwa, Ewaso Ng'iro, unatoka katika nyanda za Mau nchini humo?

Kilichokuwa kikidaiwa hapo ni hesabu ya maji. Ndege walizipa kampeni picha nzuri za magazetini, lakini hoja iliyoukwamisha mradi ilikuwa ya maji. Natron ilikuwa imeandikishwa mwaka 2001 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na ujumbe wa ushauri wa mkataba huo uliofika mwanzoni mwa 2008 ulitaka kwanza uwepo mpango wa pamoja wa kulisimamia eneo lote. Mwaka huo huo Tata ikajitoa.

Ushindi huo haukuwa wa kudumu. Mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete alisema hadharani kwamba mradi uharakishwe. Baadaye NDC ikaelekeza nguvu zake Engaruka, bonde lililo kusini mwa Natron, ambako magadi yapo chini ya ardhi na si katika ziwa la kuzalia ndege. Hilo ni jambo la busara, na ni tunda la ule mkutano wa 2007: bila ukaidi wa waliouliza maswali, pengine hakuna ambaye angetazama kwingine. Hata hivyo Engaruka nayo ina watu na mifugo, na maji baridi ni haba huko kama yalivyo haba Natron.

Wenye umri mkubwa hapa magharibi mwa Uganda wanakumbuka Katwe. Kiwanda cha chumvi kilijengwa pale kwa mitambo ya Kijerumani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikasimama baada ya muda mfupi tu, mabomba yakiwa yameliwa na maji ya ziwa ambalo yaliletwa kulivuna. Wachimbaji wa chumvi wa Katwe wamerudi kwenye vidimbwi vyao, wakisimama majini kama babu zao, na magofu ya kiwanda yapo hadi leo. Kosa la kutolielewa ziwa humgharimu hata mwenye kiwanda.

Sasa tutazame nyumbani. Ardhi oevu ya Mburo na Nakivale nayo iliandikishwa Ramsar, mwaka 2006. Mto Rwizi huanzia vilima vya Buhweju, ambako dhahabu huchimbwa kwa mikono, hupita Mbarara kati ya nyumba na viwanda, kisha huingia katika maziwa hayo kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Maji yanayosafishwa na kusambazwa kwa wakimbizi wa Nakivale hutoka katika Ziwa Nakivale. Mtu wa Nyamityobora na Mkongomani au Msomali aliye kambini wanakunywa mkondo mmoja, wa kwanza juu, wa pili chini.

Lakini mbele ya sheria hawako sawa kabisa. Katiba ya Uganda, ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi. Ibara ya 41 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 zinampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Mkimbizi si raia. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 imeipanua lugha hiyo, kwani inataja kila mtu aliye Uganda, na kwa wakazi wa Nakivale tofauti ya maneno hayo si ndogo. Bado mlango wa kuomba taarifa ni mwembamba kuliko mlango wa haki yenyewe.

Kuna pia suala la lugha. Kanuni za Tanzania za 2005 zinataka muhtasari wa tathmini uandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005, ila taarifa za tathmini huandikwa kwa Kiingereza. Mradi wowote wa kuchimba au kujenga kiwanda kando ya Rwizi utakapotangazwa, ofisa mazingira wa wilaya, awe wa Isingiro au wa Mbarara, ndiye wa kwanza kuulizwa mambo mawili: maji yatachotwa kiasi gani katika miezi ya kiangazi, na muhtasari wa Kiswahili utabandikwa wapi.