Akivua Taji Je?

Wenzangu, wako watu ambao wakisikia habari za ngoma za ibada za Wahindi husema eti ni mambo ya sanamu tu, hayatuhusu. Wacha niwaeleze ya Theyyam, kisha mnibishie.

Kaskazini mwa jimbo la Kerala, kusini mwa India, ibada hii huchezwa tangu Oktoba hivi hadi Mei, hasa katika wilaya za Kannur na Kasaragod. Mchezaji hupakwa rangi usoni kwa saa nyingi huku ngoma zikirindima. Mwishowe huvikwa taji (mengine, jamani, ni marefu kumshinda mvaaji!) akapewa kioo. Akijitazama humo, waumini huamini kwamba mungu ameshamwingia. Tangu hapo si mchezaji tena. Watu humwendea kwa unyenyekevu wakamweleza shida zao, naye huwabariki.

Sasa sikilizeni. Wachezaji hawa hutoka katika jamii kama za Vannan na Malayan, zilizohesabiwa kuwa za tabaka la chini. Zamani mababu zao hawakuruhusiwa hata kuwakaribia wakubwa. Lakini usiku wa Theyyam mwenye shamba humwinamia kibarua! Ngoma ikiisha, taji huvuliwa, rangi hufutwa, kila mtu akarudi mahali pake.

Wapo wasemao kwamba huo ni usawa. Mimi nakataa katakata. Heshima gani hiyo ya kuazimwa? Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kumtenga mtu kwa sababu ya tabaka lake, lakini sheria haiingii moyoni mwa jirani kwa siku moja.

Hata hivyo, ngoma hizi zisifutwe, ng'o! Katika Theyyam ya Pottan husimuliwa jinsi mwanachuoni Shankara alivyomwamuru mtu wa tabaka la chini ampishe njiani. Yule mtu akamuuliza: wakikatwa wote wawili, si damu ni nyekundu ile ile? Mwanachuoni akakosa la kusema. Naye muulizaji, kumbe, alikuwa mungu Shiva.

Kisa hicho huimbwa mbele ya wakubwa wenyewe, mwaka nenda mwaka rudi, nao husikiliza na kubarikiwa. Ningependa sana kuwauliza: kesho yake mkikutana na mchezaji yule njiani, hana taji wala rangi, nani humpisha mwenzake?