Mzoga una wenyewe: usiwahi kisu, usitege sumu

Ng'ombe anapokufa ghafla zizini, swali la kwanza katika familia nyingi si "amekufa na nini?" bali "nyama tutaiokoaje?" Wapo wanaowahi kisu mnyama akiwa anakata roho, ili isemwe kwamba amechinjwa. Wapo wanaochuna kibudu na kugawana na majirani. Uchungu wa hasara hiyo unaeleweka, maana kwa mfugaji wa Mbarali au Pawaga ng'ombe mmoja ni ada ya shule na akiba ya matibabu. Lakini mzoga una wenyewe, na ukijua kazi yao utaelewa kwa nini binadamu hayumo.

Kuoza huanzia ndani. Moyo ukisimama, kinga ya mwili nayo hukoma, na bakteria waliokuwa wakisaidia kusaga majani tumboni hugeukia utumbo wenyewe. Hutoa gesi, tumbo likavimba kama ngoma. Harufu ikitoka, nzi wa kijani na wa bluu hufika mapema, mara nyingi ndani ya saa chache, wakataga mayai machoni, puani, mdomoni na kwenye vidonda. Penye joto mayai huanguliwa kwa takriban siku moja. Funza hula nyama kwa siku kadhaa, kisha hujichimbia udongoni na kutoka wakiwa nzi. Mwishoni huja mbawakawa, ambao hula ngozi iliyokauka.

Joto ndilo linaloamua kasi. Kwenye tambarare ya Usangu mzoga huharibika upesi. Kwenye baridi ya Kitulo au Uporoto huchelewa. Kwa hiyo nyama ya kibudu kuonekana bado mbichi asubuhi si ushahidi kwamba ni salama.

Wakubwa nao wana zamu yao: tumbusi, ambao wengi huwaita tai, fisi, mbweha na kunguru. Tumbo la tumbusi lina asidi kali sana inayoua vimelea vingi. Tumbo lako na la mwanao halina uwezo huo.

Hatari kubwa kuliko zote ni kimeta. Mnyama mwenye kimeta huweza kufa ghafla, akavimba haraka, na damu isiyoganda ikatoka puani, mdomoni au sehemu ya haja. Mzoga huo ukiachwa bila kupasuliwa, bakteria wengi wa kimeta walio ndani hufa kadiri unavyooza. Ukipasuliwa, damu hukutana na hewa, nao hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kudumu udongoni kwa miongo. Mapishi ya kawaida hayaaminiki kuziua. Isitoshe, anayechuna huambukizwa kupitia mchubuko mdogo tu mkononi, kabla sufuria haijatiwa jikoni.

Haya hayako mbali nasi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa za kimeta katika nchi tano, zikiwamo Malawi, tunayopakana nayo Kasumulu, na Zambia, iliyo ng'ambo ya Tunduma. Huko Zambia, wagonjwa wa mwanzo walihusishwa na nyama ya nyati waliokutwa wamekufa.

Mzazi, angalia ngozi. Kimeta huanza kama kipele kinachowasha, kinachofanana na alama ya kuumwa na mdudu. Baadaye huwa kidonda kisichouma chenye gaga jeusi katikati na uvimbe pembeni. Kikimwingia mtu kwa kula, huleta homa, maumivu makali ya tumbo, kutapika, pengine kuhara damu. Wahi kituo cha afya na umwambie mhudumu wazi kwamba mlishika au mlikula kibudu. Usione aibu. Antibiotiki hutibu ugonjwa huu vizuri zikianzwa mapema.

Wapo wanaoona dawa ni kuwaua wala mizoga. Mwaka 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mkoani Iringa, simba sita walikufa kwa sumu pamoja na makumi ya tumbusi. Sumu inayotegwa kwenye nyama haichagui. Inaweza kumfikia mbwa wako, na hata mtoto. India imetuonyesha matokeo ya kuwapoteza ndege hawa. Diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo wagonjwa wengi mnaijua, ilipotumika kwa ng'ombe, tumbusi waliokula mizoga yao walikufa kwa figo kuharibika. Idadi ya baadhi ya aina ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90, mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na hofu ya kichaa cha mbwa ikakua. Mwaka 2006 serikali ya India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo.

Mnyama akifa bila sababu inayojulikana, usimpasue wala kumchuna. Zuia watoto na mbwa wasimkaribie, kisha mwite afisa mifugo wa kata. Yeye ndiye ataelekeza mzoga uchomwe au ufukiwe, shimo likiwa na kina cha walau mita mbili, mbali na kisima na mto. Nyumbani funika chakula, kwa sababu nzi aliyetoka kwenye mzoga hanawi miguu. Mifugo ipate chanjo ya kimeta kila mwaka.

Hata hivyo, tusimtwishe mfugaji peke yake mzigo huu. Halmashauri za Mbeya na Iringa zihakikishe afisa mifugo anafikika na ana usafiri, na kwamba chanjo inafika kijijini kwa bei ambayo mfugaji anaimudu. Anayeambiwa amfukie ng'ombe wake wote bila msaada wowote atashawishika kuchukua kisu usiku, na asubuhi watoto watakula.