Sammy Wanjiru: mbio saba na sharti la medali mbili

Nimekuwa kimya hapa wiki kadhaa, mnisamehe. Kulikuwa na kazi ya mteja iliyokataa kuisha. Na leo pia siandiki juu ya simu wala hifadhidata, ingawa kompyuta itaingia kidogo njiani. Naandika juu ya ubishi niliotoka nao Dunga Jumapili, nikalala nao, nikaamka nao.

Tulikuwa tunakula ngege wa kukaanga pale ufuoni, mimi, binamu yangu na baba mdogo. Binamu akasema kwamba Sammy Wanjiru, Mungu amrehemu, anastahili kuwekwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa riadha ya dunia, ule aliomo Kipchoge Keino. Baba mdogo hakuinua hata macho.

"Alikimbia marathoni ngapi?"

Saba, nikamjibu, maana hilo nalijua.

"Saba," akasema, akitoa mwiba. "Nyathina, mechi saba hata robo ya msimu wa Gor hazifiki."

Kwake shujaa ni mtu wa kudumu. Mtu uliyemwona mwaka huu, ukamwona mwaka ujao, akapigwa, akarudi, akazeeka mbele ya macho yako. Anayewaka kama kiberiti na kuzimika unampigia makofi, basi, unaenda zako. Nilitaka kumjibu pale pale lakini kubishana na baba mdogo akiwa na samaki mkononi ni kupoteza muda. Kwa hiyo naandika.

Nianze na mtu mwenyewe, kwa wale ambao mlikuwa wadogo. Wanjiru alizaliwa mwaka 1986, kijana wa Nyahururu. Akiwa na miaka 15 alipelekwa Japani kusoma na kukimbia katika shule ya Sendai Ikuei. Septemba 2005, akiwa bado na miaka 18, aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni mjini Rotterdam, dakika 59:16. Haile Gebrselassie akamnyang'anya miezi michache baadaye. Kijana akairudisha Februari 2007 huko Ras Al Khaimah, 58:53, na mwezi uliofuata akaishusha tena mjini The Hague, 58:33. Hiyo ni kabla hajakimbia marathoni hata moja.

Halafu zikaja hizo saba. Fukuoka 2007, akashinda. London 2008, wa pili. Beijing 2008, dhahabu. London 2009, akashinda. Chicago 2009, akashinda. London 2010, akajitoa njiani. Chicago 2010, akashinda. Tarehe 15 Mei 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, na mazingira ya kifo hicho yakabishaniwa kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka 24. Mimi nikiwa na miaka 24 nilikuwa bado najifunza kutofuta faili za watu kwenye seva.

Mbio saba, ushindi mara tano. Lakini tukibaki kwenye kuhesabu tutakuwa tumekubali mchezo wa baba mdogo, na mimi nasema mchezo wenyewe una kasoro. Tazameni Beijing.

Desturi ya marathoni ya Olimpiki ni kwamba hukimbiwa kwa woga. Ni Agosti, jua kali, hakuna wa kulipwa kuwavuta wenzake kwa kasi, na kila mtu anataka medali kuliko muda. Rekodi ya Olimpiki ilikuwa ya Mreno Carlos Lopes, 2:09:21, ya tangu Los Angeles 1984, miaka 24 bila kuguswa. Haile mwenyewe alikuwa amekataa kukimbia marathoni ya Beijing kwa kuogopa hewa chafu. Na Kenya, nchi hii tunayoiita ya wakimbiaji, haikuwa imewahi kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Douglas Wakiihuri alileta fedha mwaka 1988, Erick Wainaina akaleta shaba 1996 na fedha 2000. Dhahabu, hapana.

Wanjiru akaondoka tangu mwanzo kana kwamba ni mbio za barabarani za mji baridi. Wakongwe wakabaki mmoja mmoja. Alimaliza kwa 2:06:32. Jaouad Gharib wa Morocco, bingwa wa dunia mara mbili, alikuja 2:07:16. Tsegaye Kebede wa Ethiopia alipata shaba kwa 2:10:00 kamili. Yaani wa tatu alikuwa karibu dakika tatu na nusu nyuma.

Ilikuwa tarehe 24 Agosti 2008. Mbio zilianza kwetu saa nane na nusu usiku, na baba mdogo huyu huyu alikuwa ameamka na redio yake ndogo, sauti chini asituamshe, tukaamka hata hivyo. Mnakumbuka mwaka ule ulivyoanza hapa Kisumu. Maduka yaliyochomwa, majirani waliohama na hawakurudi, watu waliokufa. Serikali ya nusu mkate ilikuwa na miezi michache tu. Jina la Kikuyu halikuwa jina la kutajwa kwa furaha katika mtaa wetu wakati ule, na sisemi hivyo kwa kujivunia. Alfajiri ile, saa kumi na nusu na dakika chache, nilisikia watu katika nyumba za jirani wakipiga kelele "Wanjiru! Wanjiru!" na baba mdogo akiwa mmoja wao. Sitaki kuigeuza kuwa hadithi kubwa, kwamba mbio ziliponya nchi. Hazikuponya. Lakini niliisikia kwa masikio yangu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. London 2012 dhahabu ilikwenda Uganda, kwa Stephen Kiprotich, 2:08:01. Rio 2016 ni Eliud Kipchoge, 2:08:44. Tokyo, iliyokimbiwa 2021, Kipchoge tena, 2:08:38. Kipchoge huyo ambaye wengi wetu tunamwita mkubwa kuliko wote! Rekodi ya kijana wa Nyahururu haikuvunjwa hadi Paris, Agosti 2024, Tamirat Tola wa Ethiopia alipokimbia 2:06:26. Sekunde sita. Miaka 16, viatu vya soli yenye bamba la kaboni, na tofauti ni sekunde sita. (Haki itendeke: njia ya Paris ilikuwa na vilima vya kuua mtu.) Rekodi hiyo ilidumu miaka 13 baada ya mwenyewe kufa.

Ndiyo maana nasema urefu wa kazi ya mtu ni kipimo kibovu. Sisi watengenezaji wa programu tunalijua hili. Kuna mtu anakaa kwenye mradi miaka kumi akiongeza kitu kidogo kila wiki, na kuna mwingine alipita miezi sita, akaandika kipande kimoja ambacho mpaka leo kila mtu amejenga juu yake na hakuna anayethubutu kukigusa. Ukihesabu siku za kazini, wa kwanza ni shujaa. Jaribu kukifuta kile kipande cha wa pili ndipo utajua.

Turudi kwenye ukumbi. Shirikisho la Riadha Duniani, IAAF wakati ule, lilianzisha ukumbi wake mwaka 2012 na kuingiza wanariadha 24 wa kwanza, Keino akiwamo. Masharti ya chini ni matatu: uwe umestaafu angalau miaka kumi, uwe umeweka angalau rekodi moja ya dunia, na uwe na angalau dhahabu mbili za Olimpiki au za mashindano ya dunia. Niliyaandika kama programu ndogo, kwa mazoea tu. Miaka kumi: imepita tangu 2021, ndiyo. Rekodi ya dunia: anazo tatu, ndiyo. Dhahabu mbili: anayo moja. Programu inakataa na kufunga.

Mtu aliyewahi kuandika masharti ya aina hii ataona tatizo mara moja. Sharti linachukulia kwamba kila mchezo unatoa nafasi sawa. Mkimbiaji wa mbio fupi anaweza kushinda mita 100, mita 200 na kupokezana vijiti katika wiki moja. Usain Bolt alitoka Beijing hiyo hiyo na dhahabu tatu. Hata ile ya kupokezana ilipoondolewa 2017 kwa kosa la mwenzake, alibaki na mbili, zinamtosha mlangoni. Wa marathoni anapata nafasi moja kila miaka minne. Kuna mashindano ya dunia katikati, lakini fedha ziko London na Chicago, na wakimbiaji wetu wanalisha ukoo mzima kwa zile mbio mbili za mwaka. Ili Wanjiru apate dhahabu ya pili ya Olimpiki ilibidi aishi hadi Agosti 2012. Alikosa miezi 15.

Yapo maneno ya ziada katika kanuni, kwamba mtu anaweza kuingizwa kwa sababu alichofanya kilikuwa na athari ya pekee katika mchezo. Mlango huo wa nyuma ndio ningeutumia.

Wamarekani wamelipitia jambo hili katika kandanda yao ile ya kubeba mpira mkononi. Gale Sayers wa Chicago Bears alicheza mechi 68 tu kabla magoti hayajamwisha, na wakamwingiza ukumbini mwaka 1977 akiwa na miaka 34, mdogo kuliko wote. Terrell Davis wa Denver Broncos alicheza mechi 78 za ligi. Mwaka 1998 alikimbia na mpira yadi 2,008 katika msimu mmoja. Goti likaharibika, na ukumbi ukamfungulia 2017. Walibishana sana juu ya Davis. Lakini mwishowe walikubali kwamba mtu anaweza kuwa mkubwa kwa muda mfupi.

Baba mdogo ana hoja moja nzito, nikiri. Aliyeondoka mapema hatukumwona akishuka. Wastani wake unabaki mzuri kwa sababu miaka mibaya haikufika. Ni kweli. Lakini Wanjiru alionja mwaka mbaya: London 2010 alijitoa, na Chicago ya Oktoba watu walisema hayuko sawa. Kilomita za mwisho yeye na Kebede walishambuliana mara baada ya mara, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha, na Wanjiru akashinda kwa sekunde 19, 2:06:24. Ndiyo mbio zake za mwisho. Mtu anayeshinda hivyo akiwa hayuko sawa hakuwa kiberiti.

Wengine watasema tabia. Desemba 2010 alifikishwa mahakamani akidaiwa kumtishia mkewe na kuwa na bunduki kinyume cha sheria. Silipunguzi hilo, na anayesema hataki jina lake lisomwe bila hilo kutajwa ana haki. Mimi ningeliandika kwenye ukuta huo huo, chini ya picha.

Na kuhusu kudumu, nimuulize baba mdogo swali. Gor Mahia ilichukua Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987. Sare ya 2-2 Tunis dhidi ya Espérance, sare ya 1-1 Nairobi, kombe likaja kwa bao la ugenini. Timu ile ilitawala Afrika miaka mingapi? Mmoja. Lakini ukifika kwake wakati wowote atakusimulia ile fainali, na hakuna anayemwambia kwamba mwaka mmoja hautoshi.

Nadhani ukali wake una sababu nyingine. Yeye mwenyewe alicheza winga misimu miwili katika timu ya hapa mjini, na wanaomkumbuka wanasema alikuwa moto. Goti likaenda. Hajawahi kuruhusu mtu yeyote wa familia alizungumzie jambo hilo kama hasara. "Nilicheza kidogo," husema, na kubadilisha mazungumzo. Anawapimia wengine kwa kipimo alichojipimia.

Kelvin Kiptum je? Marathoni tatu, akashinda zote: Valencia 2022, London 2023, na Chicago Oktoba 2023 kwa rekodi ya dunia ya 2:00:35. Rekodi ilithibitishwa rasmi tarehe 6 Februari 2024 na siku tano baadaye akafa katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, na miaka 24 kama Wanjiru. Dhahabu za Olimpiki na za dunia: sifuri. Kwangu anaingia.

Jana usiku nilimtumia baba mdogo hesabu hizi zote kwenye WhatsApp. Akajibu kwa neno moja: "Jelimo?"

Hapo alinishika kidogo. Pamela Jelimo, mwaka ule ule wa 2008, miaka 18, hakushindwa mita 800 msimu mzima, akachukua dhahabu ya Olimpiki na ile zawadi ya dola milioni moja ya Golden League. Halafu karibu kila kitu kikaisha, isipokuwa ubingwa wa dunia wa ukumbini Istanbul 2012. Kiangazi kimoja. Nilikaa na swali hilo zaidi ya saa nzima. Lakini alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki. Siku chache baadaye Nancy Langat akashinda mita 1500, na baadaye ndiyo mita ambazo Faith Kipyegon amezishinda katika Olimpiki tatu mfululizo. Nikamwandikia: naye aingie.

Simu inaonyesha ameshasoma. Naona anaandika.