Sponji ikidondoka ukumbini, anayechekwa ni nani?

Wadau wengi wa Singida wameshaiona ile klipu, na walioikosa wameshasimuliwa. Sendofu ya Jumamosi, ukumbi mmoja pale Ikungi. Dada mmoja anayefahamika kwa biashara yake ya mafuta ya alizeti anaingia na kundi lake kwenda kutunza. Kavaa gauni la mabega wazi, kapendeza kweli. DJ anaongeza sauti, dada anainama, anainuka, na kitu cha rangi ya maziwa kinadondoka mbele ya meza kuu. Ni sponji ya sidiria. Klipu inakatikia hapo, na kicheko cha aliyekuwa anarekodi.

Kufika Jumapili mchana ilishazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi Dodoma, na ukurasa mmoja wenye wafuasi kibao ukaitupia bila hata kumfunika sura. Maoni sasa! "Kumbe za kuazima." "Mumewe anajua?" "Feki tupu." Na waliokuwa mstari wa mbele kucheka, cha ajabu, ni akina dada wenzake.

Ambacho klipu haionyeshi, na waliokuwepo wanakisema, ni kwamba wifi yake aliiokota ile sponji, akaichomeka kwenye mkoba wake, akaendelea kucheza kama vile kaokota leso. Watu wakashangilia, noti zikatoka. Sherehe ikaenda mpaka usiku. Pale ukumbini aibu haikudumu hata wimbo mmoja. Imekuzwa na simu.

Kwanza lieleweke jambo moja. Sidiria nyingi zinazouzwa siku hizi, za dukani na za mnadani, zina sponji ya kutoa na kuweka. Kila upande una mfuko mdogo kwa ndani, na mfuko una tundu pembeni, mara nyingi upande wa kwapa. Aliyeacha hilo tundu ni kiwanda, si mvaaji, na kaliacha makusudi ili sponji itolewe wakati wa kufua. Sasa gauni halina mikanda, tundu limelegea, jasho limejaa, muziki umekolea. Ungetegemea nini? Hata anayejua kuvaa inamkuta.

Lakini kuna swali ambalo hakuna aliyeuliza: nani alishawahi kumfundisha mwanamke yeyote namna ya kuishi na hicho kitu? Kwenye kicheni pati bibi harusi anafundwa mpaka usiku. Anaambiwa namna ya kumpokea mume, kumheshimu mama mkwe, kukunja mashuka, kupika kuku wa kienyeji mpaka mifupa ilainike. Anapewa masufuria na mabeseni. Habari ya nguo ya ndani inaishia kwenye rangi na utepe, ya kumfurahisha mume. Ya kumtunza yeye mwenyewe mwilini hakuna anayeigusa. Masomo na mashangazi wa Ikungi wanisamehe wasiwe na hasira, lakini hapo pana pengo.

Na ni mambo madogo tu jamani. Sponji inatolewa kabla ya kufua, kila mara. Ikifuliwa ndani ya mfuko wake inajikunja, inatoka mabonde, na ukija kuvaa kifua kinaonekana kama kimeumwa na nyuki upande mmoja. Inafuliwa kwa mkono, maji ya kawaida, sabuni kidogo, halafu inasuuzwa hasa, maana sehemu nyingi za kule maji ya kisima yana chumvi, sabuni inagoma kutoka. Haikamuliwi kama dekio! Inabanwa kwenye taulo kavu, inalazwa bapa mahali penye hewa, kivulini. Jua kali na pasi vinaiharibu, inageuka manjano na kuanza kumeguka. Ikikauka kabisa ndiyo inarudi mfukoni, upande mnene ukiwa chini. Anayechanganya kulia na kushoto ashone uzi mmoja mwekundu kwenye sponji ya kulia, basi. Na siku ya shughuli, sindano na uzi, mishono miwili pale kwenye tundu. Dakika tatu. Ukirudi nyumbani unafumua.

Wanaokwenda fungate Zanzibar nao wasisahau kwamba nguo za kuogelea zina sponji zile zile, na zinakunywa maji. Ukitoka baharini nguo yote imekauka, kifua bado kinachuruzika kama kimwaga maji cha bustani. Zitoe, zisuuze kwa maji baridi, zilaze.

Tatizo kubwa liko kwenye kukausha, na hili linahusu nyumba za kupanga. Uwani kuna kamba moja ya watu wa vyumba sita. Dada anafua sidiria, anaona haya kuianika, anaificha chini ya khanga, khanga juu ya khanga. Mwingine anaitundika chumbani nyuma ya mlango, mwingine chini ya godoro kabisa. Nguo nyepesi inaweza kukauka hivyo. Sponji haikauki. Inabaki na unyevu ndani, inanuka, na ikivaliwa hivyo kutwa nzima chini ya matiti, mahali penye joto na jasho, ndiyo yale mafangasi na miwasho ambayo mtu anakwenda kununulia mafuta duka la dawa mara nne kwa mwaka. Halafu akilalamika anaambiwa mchafu. Mtu anayefua kila siku! Kinachomponza ni haya, siyo uchafu.

Wanaume wa uwani hapo mnahusika. Sidiria kwenye kamba ni nguo kama singlendi. Mkiacha kuinyooshea vidole na kuwaita wenzenu waje kuangalia, itaanikwa kwenye hewa, itakauka. Ila kibanio muhimu, kwa upepo wa Singida ukianika bila kibanio utaifuata kwa jirani.

Na mnadani nako. TBS walishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba miaka mingi, kwa sababu za kiafya, na bado zinapangwa chini kwenye turubai watu wanachagua. Mwenye kipato kidogo anafuata bei, hilo linaeleweka. Lakini afikirie hiyo sponji imelala kifuani kwa nani, mara ngapi, na imebeba jasho la nani. Mara nyingi hata moja haipo, mnunuzi anajaza kitambaa upande mmoja. Hiyo ndiyo inayodondoka kwa urahisi kuliko zote. Heri sidiria moja mpya isiyo na sponji kabisa kuliko tatu za namna hiyo.

Sasa turudi kwa wachekaji. Hakuna anayejua yule dada aliweka sponji kwa sababu gani, na halimhusu mtu. Pengine gauni lilimpwaya tu. Pengine amenyonyesha watoto wanne. Lakini wapo wanawake ambao kile kipande ndicho kinachowawezesha kutoka nje. Saratani ya matiti ni ya pili kwa kuwapata wanawake wengi nchini, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Mwanamke anatoka Singida, anasafiri kutwa nzima kwa basi mpaka Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, na wengine wanarudi nyumbani wakiwa wameondolewa titi. Wengi hawana uwezo wa kununua titi la bandia, kwa hiyo wanajaza sponji, pamba, vitambaa, wanashona wenyewe. Huyo naye ana ndugu anayeolewa. Huyo naye ataalikwa sendofu. Baada ya kuona ile klipu na yale maoni, atacheza? Au atakaa nyuma kabisa karibu na mlango, mkono kifuani, au atasema anaumwa asije?

Kijana aliyerekodi ajue pia kwamba kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kumtumia mtu ujumbe wa makusudi wa kumnyanyasa au kumuumiza moyo imo humo. Siyo kila kinachochekesha ni cha kutupia. Mwenye ukurasa naye, mwenye wafuasi wake wote hao, alishindwa hata kumfunika sura?

Jumatatu asubuhi yule dada alifungua duka kama kawaida. Wateja wa mafuta walikuja, wengine kununua, wengine kuchungulia. Inasemekana aliwahudumia wote. Klipu, hadi jana jioni, ilikuwa bado haijafutwa.

Wadau, wewe ungekuwa pale mbele ya meza kuu, ungeokota au ungetoa simu? Funguka hapo chini, ila kwa heshima.