Kalemie: Foto ya kolasio inatoka giza, tuangalie lenzi kabla ya kulaumu apareyi

Siku ya kolasio hapa Kalemie, iwe ya UNIKAL ao ya chuo kingine, mambo yanafanana. Mapikipiki yanashusha familia mlangoni, wamama wamevaa kitambaa cha namna moja, maua ya plastiki yanauzwa kando ya barabara. Ndani ya sali wanaita jina. Kijana anapanda, anapewa mkono na viongozi, anashuka. Nusu dakika haiishi. Nyuma ya hiyo nusu dakika kuna miaka ya minervali, nyumba ya kupanga, na mbuzi ao shamba ambalo baba aliuza.

Kisha foto zinakuja. Uso ni giza, joho (ile toje nyeusi) limeungana na pazia la nyuma, mkono unaosalimia umekuwa kama moshi. Familia inasema: « Apareyi yake iko ya zamani. » Mpiga foto naye anaenda kukopa dola ili anunue apareyi mpya. Na mwaka unaofuata foto zinatoka vilevile, maana ameweka lenzi ileile mbele ya apareyi mpya.

Hapo ndipo tunaona pesa inapotelea. Lenzi, ile wengine wanaita objektifu, ni dirisha la mwangaza. Nambari iliyoandikwa kwenye kioo chake, f/1.8 ao f/3.5-5.6, inaonyesha ukubwa wa dirisha hilo, na nambari ndogo maana yake dirisha kubwa. Lenzi inayouzwa pamoja na apareyi nyingi ni 18-55, f/3.5-5.6. Ukivuta mpaka 55 unabaki na f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwangaza karibu mara kumi zaidi ya hapo. Mara kumi! Hakuna apareyi mpya ya bei ya hapa kwetu itakayokupa tofauti kama hiyo.

Na mwangaza ndio shida yetu ndani ya sali. Madirisha ni machache ao yamefunikwa kwa mapambo, taa ziko juu sana. Umeme wa Kalemie unatoka kituo cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, na kila mkaaji anajua namna unavyokatika. Ukikatika, wanawasha jenereta, sali inabaki na taa chache, na sherehe inaendelea. Mpiga foto mwenye f/5.6 analazimika kuacha apareyi ifunguke muda mrefu, tuseme sehemu moja ya 15 ya sekunde, na mtu akitikisa mkono tu, foto imeharibika. Mwenye f/1.8, kwa mwangaza uleule, anafika sehemu moja ya 125 na zaidi. Lakini taa za neon na za LED zinapepesa bila jicho kuona, kufuatana na umeme wetu wa hertz 50. Ukiona mistari ya giza kwenye foto, rudi kwenye sehemu moja ya 100.

Wengi watasema: na flashi je? Flashi inasaidia, hatukatai. Jean Depara, aliyenunua apareyi yake ya kwanza mwaka wa 1950 kwa ajili ya ndoa yake, alitumia flashi akapiga usiku wa Kinshasa, na mpaka leo picha zake zinaonyeshwa duniani. Lakini alikuwa karibu na watu, kwenye meza za baa. Kwenye kolasio unasukumwa mbali, na flashi ndogo iliyo juu ya apareyi inachoka baada ya mita chache. Inamulika vichwa vya safu ya mbele na kumwacha mhitimu gizani.

Umbali ndio swali la pili, na hapa wengi wanakosea. Tuchukue apareyi za kawaida za Canon ao Nikon ambazo vijana wetu wanazo. Lenzi ya 50 inakutaka usimame karibu mita 5 ili mtu aonekane mzima kuanzia kofia mpaka viatu. Ya 85 inataka mita 8 hivi. Kama umefukuzwa mpaka mita 20, unahitaji 200, na 70-200 ya f/2.8 ni lenzi nzito, ya bei inayozidi pikipiki. Basi kabla ya kununua, nenda ndani ya sali siku moja mbele, hesabu hatua kutoka jukwaani mpaka pale watakapokuruhusu kusimama. Hesabu hiyo ndiyo inachagua lenzi.

Kwa anayeanza, maoni yetu ni 50 ya f/1.8. Ile ya Canon ya STM ilipotoka mwaka wa 2015 ilitangazwa karibu dola 125 huko Marekani. Transporti na duane vinaongeza, lakini bado ni kidogo kuliko apareyi mpya. Ukipata kazi za ndoa pia, 17-50 ya f/2.8 inafaa zaidi, maana ndani ya nyumba ndogo 50 inakubana mgongo kwenye ukuta.

Mwenye Nikon aangalie vizuri. Apareyi za D3000, D3100, D3200, D5300 na ndugu zao hazina mota ndani. Lenzi iandikwe AF-S. Ukinunua ya zamani iliyoandikwa AF-D, itaingia vizuri kabisa, lakini utazungusha kwa mkono kutafuta uso wakati jina limekwisha kuitwa. Na kitu kilichoagizwa Lubumbashi, ao kilichovuka ziwa kutoka Kigoma, nani atakirudisha?

Kuna pia mpinzani ambaye yuko mkononi mwa kila mtu. Telefoni nyingi za leo zina lenzi ya f/1.8 ao karibu, na zinaunganisha picha kadhaa haraka ili kufukuza giza. Ndiyo maana shangazi aliyekaa mbele anatoa foto nzuri kuliko mtu aliyelipwa, na wateja wameanza kuuliza kwa nini walipe. Lakini telefoni nyingi zikivutwa kwa mbali zinakata picha tu, uso unakuwa kama matope. Mpiga foto mwenye lenzi yenye dirisha kubwa, aliyesimama pahali panapofaa, bado ana kitu ambacho shangazi hana. Mwenye 18-55 peke yake hana. Waandalizi nao wangeweza kumwachia nafasi ya mita 5 mbele ya jukwaa, badala ya kumpigania na walinzi.

Tahadhari moja kuhusu f/1.8: inaona wazi sehemu nyembamba tu. Ukipanga familia ya watu kumi na wawili kwa safu tatu, bibi aliye mbele ataonekana na wajukuu wa nyuma watapotea. Hapo funga dirisha mpaka f/5.6 ao f/8, na uwatoe nje, kwenye kivuli cha mti.

Na ukinunua lenzi iliyotumika, ingia pahali pa giza, mulika taa ya telefoni ndani ya kioo. Ukiona nyuzi nyeupe kama za buibui, ni kuvu. Hewa yenye unyevu ya kando ya ziwa inailisha, na ikikaa sana inakula kioo. Usilipe. Ya kwako iweke ndani ya sanduku linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyotoka kwenye viatu vipya.